Kilima chetu si mawe matupu

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, hata siku ile mlipoandika kwamba Gangilonga, jiwe letu la hapa Iringa, liko Mbeya. Safari hii mmenigusa. Katika taarifa yenu ya machimbo ya kokoto huku kwetu Iringa, mwandishi wenu anasema kilima kinachopasuliwa "hakina kitu zaidi ya mawe". Alipanda, au alitazama kupitia dirisha la gari la mkandarasi?

Juu ya mawe yale kuna makangaga. Si yale marefu ya bondeni kando ya maji. Haya ni mafupi kama kidole, yamejibana kwenye nyufa za itale ambako udongo haujazi hata kiganja. Kiangazi hujikunja yakawa ya kahawia, ungeapa yamekufa. Mvua ikinyesha vizuri leo, kesho au kesho kutwa yamefunguka, kijani kabisa. Geuza jani utaona vumbi la kahawia: hilo ndilo linalozaa, maana kangaga halitoi ua.

Mwaka jana nilipeleka moja lililokauka, likiwa kwenye kisosi, ofisi moja inayohusika na mazingira. Kijana wa pale akauliza, "Shikamoo mzee, hii dawa ya nini?" Si dawa. "Inaliwa?" Hailiwi. "Sasa mzee, tuzuie ajira za vijana kwa jani lisiloliwa?" Simu yake ikaita, akatoka nje, nami nikabaki na kisosi changu mbele ya meza tupu.

Huko Vermont, Marekani, kuna kangaga linaloota kwenye mwamba wa serpentini, ambao udongo wake una magnesiamu na nikeli nyingi na kalsiamu kidogo, mimea mingi haiuwezi. Wataalamu walikuwa wakilichanganya na ndugu zake. Jina lake lenyewe lilipatikana mwaka 1991. Walioitwa wataalamu, tena kwenye nchi yenye vyuo vya kumwaga! Sasa sisi tunapata wapi ujasiri wa kusema kilima hakina kitu kabla mtu mmoja anayejua mimea hajakipanda? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya miradi ya namna hii. Sisi tuliitwa kikao, tukasaini mahudhurio, tukanywa soda, tukarudi nyumbani. Baadaye tukaambiwa mlimani kuna "uoto wa kawaida". Kawaida kwa nani? Nani aliinama akautazama?

Na malori yenyewe! Yanashuka hayana turubai, kokoto zinaruka kama mvua ya mawe. Bodaboda aliyekuwa mbele yangu alipasuliwa paji la uso, na lori halikupunguza hata mwendo.

Pendekezo langu ni rahisi. Wanaotupigia X nyekundu ya kubomoa kwenye nyumba zilizo kando ya barabara wana rangi ya kutosha. Wapewe kopo moja na ngazi, wapande upande wenye nyufa, wapige X kila jiwe lenye kangaga, ila hii iwe X ya kuacha. Wakija Januari watayakuta yamefunguka. Mwandishi wenu aongozane nao, avae viatu vya maana. Maji ya kunywa nitabeba mimi.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Iringa