Risala ya Wanafunzi wa Dansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Mbinu ya Katherine Dunham

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wapiga ngoma, wazazi na wageni waalikwa,

Ahsante kwa kuitikia mwaliko wetu. Muda si mrefu utaiona yanvalou, dansi ya Haiti, ikichezwa hapa mbele. Kabla ya hapo tunaomba tukueleze tulichofundishwa ni kazi ya nani, hufundishwaje, na kwa nini mwishoni tutakuomba mbao na posho ya wapiga ngoma.

Katherine Dunham, mchezaji na mtunzi wa dansi, alizaliwa mwaka 1909 katika jimbo la Illinois, Marekani. Akiwa mwanafunzi wa anthropolojia Chuo Kikuu cha Chicago alipata ufadhili wa mfuko wa Rosenwald, na mwaka 1935 akafunga safari ya Karibi: Jamaika kwa Wamaroon, wazao wa watumwa waliotoroka, wa kijiji cha Accompong, Martinique, Trinidad, kisha Haiti, ambako moyo wake ulibaki. Kila dansi aliyoiona aliiulizia: huchezwa na nani, wakati gani, kwa ajili ya roho ipi, na ngoma gani hutangulia. Aliporudi, ag'ya, mchezo wa kupigana wa Martinique, aliutungia dansi iliyopanda jukwaani Chicago mwaka 1938. Shuleni kwake New York, katika miaka ya 1940, dansi ilifundishwa pamoja na upigaji ngoma, lugha na anthropolojia. Mwimbaji Eartha Kitt alipitia mikononi mwake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mbinu yake ina mpangilio, na anayeuruka huumia. Kwanza pumzi. Kisha mazoezi ya kushika bomba la ukutani, mgongo ukiinamishwa mbele ukiwa bapa kama meza. Halafu kutenganisha viungo: kichwa peke yake, mabega peke yake, mbavu, kiuno, kila kimoja kijue njia yake ndipo viwili viunganishwe. Mwisho ni kuvuka ukumbi kwa mistari. Ngoma hulia tangu pumzi ya kwanza.

Yanvalou ni dansi ya Damballa, roho ya nyoka katika Vodou, dini ya Haiti. Magoti hukunjwa, kiwiliwili huinama mbele, mikono hukaribia mapaja, na wimbi huanzia chini ya uti wa mgongo likipanda pingili kwa pingili hadi shingoni. Kosa la kwanza la karibu kila mwanafunzi ni kulianzisha wimbi kichwani: shingo inarushwa, mgongo wa chini umelala, na asubuhi shingo haigeuki. La pili ni kunyoosha magoti mtu akichoka. Wimbi likikosa pa kuanzia, uzito wote huangukia kiunoni. La tatu ni la hesabu. Mdundo huu una mapigo 12 yaliyogawanyika matatu matatu, lakini masikio yaliyozoea muziki wa disko huyahesabu mawili mawili, basi mwili unakwenda kama gwaride.

Kundi la ngoma za Rada, tawi la Vodou lenye yanvalou, lina ngoma tatu: boula, iliyo ndogo na inayoshikilia mdundo, segon, inayojibu, na manman, kubwa kuliko zote, inayozungumza na wachezaji. Pamoja nazo hupigwa chuma kiitwacho ogan. Manman ikipiga kase, yaani pigo linaloukata mdundo, mchezaji naye hukatika, kisha wimbi hurejea. Mpigaji habahatishi wakati wa kupiga kase, huutazama mwili ulio mbele yake. Spika haimtazami mtu. Ndiyo sababu darasa linaloendeshwa kwa rekodi hutoa wanafunzi wanaojua hatua tu.

Dunham alilijua hilo, akawalipa wapigaji. Francisco Aguabella wa Cuba alizunguka dunia na kundi lake. Mwaka 1967 Dunham alifungua kituo cha mafunzo East St. Louis, mji wa watu weusi uliokuwa umekata tamaa, na baadaye akamleta mpiga ngoma Mor Thiam kutoka Senegali awapigie na kuwafundisha vijana. (Vijana wa hapa watamjua zaidi kwa mwanawe, mwimbaji Akon.) Dunham hakuwa mtu wa jukwaani pekee: mwaka 1951 alionyesha nchini Chile dansi kuhusu watu weusi kunyongwa na makundi ya watu bila kesi huko Marekani, jambo lililowaudhi maofisa wa nchi yake, na mwaka 1992, akiwa na miaka zaidi ya 80, alifunga kula kwa siku 47 akipinga wakimbizi wa Haiti kurudishwa kwao. Alifariki mwaka 2006.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa maombi yetu.

Ukumbi huu una sakafu ya saruji na vigae. Saruji haibonyei, kila mruko hurudi kwenye muundi na goti. Tunaomba sakafu ya mbao yenye ukubwa wa mita 8 kwa 10: boriti zilizolazwa juu ya vipande vya mpira, na juu yake tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 18, viungio vya tabaka moja visikutane na vya nyingine. Isipakwe vanishi inayoteleza, maana tunacheza peku.

La pili, posho ya wapiga ngoma watatu kwa kila kipindi, iwekwe kwenye bajeti ya mafunzo pamoja na malipo ya walimu. Hadi sasa huchangiwa na wanafunzi, na mchango ukipungua, segon ndiyo hukosekana.

La tatu ni dogo: bomba la kushikia lililofungwa ukutani, usawa wa kiuno. Viti vya plastiki tunavyoshikilia sasa vinapinduka.

Tunaomba kuwasilisha.