Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tanga

Ndugu wanachama wa chama chetu cha matembezi, wazee wetu shikamooni.

Mahesabu atayasoma mhazini. Ada zinaingia na deni la basi limekwisha.

Mwaka huu kamati iliamua tusitawanye safari huku na kule, tukaelekeza nguvu Usambara Mashariki, katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Wapo walionung'unika kuwa Amani wameshaijua. Wameijua kwa dirisha la gari. Hifadhi ile, iliyotangazwa mwaka 1997, ina zaidi ya hekta 8,000, na inaanzia bondeni, mita mia mbili hivi kutoka usawa wa bahari, hadi kupita mita 1,000. Ndiyo maana tulishukia kwenye lango la Sigi, kule bondeni, tukalipa kiingilio na kupanda kwa miguu. Pale chini joto ni lile lile la Muheza; juu kwenye ukungu kila mtu alikuwa anatafuta sweta.

Safari ya njia ya Derema ndiyo iliyonigusa zaidi. Tulipita kwenye chai, tukaingia msituni, harufu ya iliki ikitufuata. Penye kijito, mwongozaji akatusimamisha mbele ya jiwe lenye ukungu wa kijani na kutuonyesha dughulushi: majani yenye manyoya laini yaliyoshika matone, na ua dogo la zambarau. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua hili huku kwetu, mbegu zikapelekwa Ujerumani, na leo linapandwa kwenye vyungu madirishani mwa watu Ulaya nzima. Wengi wetu, wana wa Tanga, ndiyo kwanza tulikuwa tunaliona.

Tulionyeshwa pia mhesi, mti wa kuletwa, unaokua upesi na kuibana miti ya asili. Ndege hondohondo wanakula matunda yake na kuzisambaza mbegu mbali, kwa hiyo kuuondoa si kazi ya panga la siku moja.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka mkutano huu ulibebe. Vijito vile tulivyovuka tukiwa tumeshika viatu mkononi vinaingia Mto Zigi. Zigi unajaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo maji ya bombani hapa mjini. Msitu ukikatwa, mvua itashuka na udongo mpaka bwawani. Kwa hiyo kwangu mimi matembezi haya si starehe peke yake. Naomba kila safari ya mwakani tuchukue wanafunzi, chama kiwalipie nauli na kiingilio, wayaone maji yao yanakotoka.

Jingine ni waongozaji. Wanatutambulisha kinyonga wa pembe tatu juu ya tawi ambalo sisi tungelipita bila kugeuka. Napendekeza walipwe siku nzima hata mvua ikituwahi saa sita.

Tanga ni ya waja leo waondoka leo, na safari zetu zitabaki za kutwa, tuondoke alfajiri turudi usiku. Masika tutapumzika, maana barabara ya kutoka Muheza huwa ni tope tupu. Baada ya hapo kamati inapendekeza hifadhi ya msitu ya Nilo, huko huko Usambara Mashariki, tupande kilele cha Lutindi. Kupanda kwake ni kukali. Mwenye matatizo ya magoti azungumze nasi mapema. Majina yaandikishwe kwa katibu kabla ya Ramadhani.

Mwenyekiti