Risala ya Wazee wa Pasua, Moshi, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na mtaa, viongozi wa dini, wazee wenzetu na wageni waalikwa,

Tunamshukuru Mungu kwa kutujalia kuiona tena tarehe 1 Oktoba, nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Karibu Pasua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo hatuzungumzii dawa wala bima, ingawa kero hizo zipo palepale. Tunazungumzia matapeli wa simu.

Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshazizoea, hata tunazicheka. Inayotumaliza ni simu ya "mwalimu": anakutajia jina la mjukuu, anasema kaanguka shuleni, tuma hela ya vipimo upesi. Bibi gani atakaa kuuliza maswali? Anatuma kwanza, ndipo anampigia mwanawe. Wengine hata hao wana hawawaambii, wakiogopa kunyang'anywa simu.

Zito zaidi ni la vidole. Wengi wetu tumeshika jembe na kuchuma kahawa tangu utoto, alama zimelika. Tukienda kusajili laini kwa alama za vidole kwa vijana wa mwavuli, wale mawakala wa barabarani wa kampuni za simu, mashine inagoma kweli. "Weka tena, bibi." Unaweka tena, na tena. Ni mara ipi iligoma, na ni ipi iliyosajili laini ya mtu mwingine kwa namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa? Laini hiyo ikitapeli watu, jina litakalosomeka ni lako. Siku hizi tunabonyeza *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba zetu za NIDA, na wapo waliokuta namba wasizozijua. Namba za matapeli tunazituma 15040.

Mheshimiwa, tunaomba usajili wa laini za wazee ufanyike ofisi ya mtaa kwa siku maalumu, mtendaji akiwepo, na mzee asiondoke kabla hajaonyeshwa *106# inasema nini. Tunaomba pia utufikishie ombi letu Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) Kanda ya Kaskazini, pale Arusha, waje hapa hapa mtaani. Semina za hotelini hazitufikii. Na mzee akienda kuripoti, asipokelewe kwa "kwa nini ulitoa namba ya siri?" Swali hilo keshajiuliza mwenyewe usiku kucha.

Tunaomba kuwasilisha.

Wazee wa Pasua