Mdogo wangu, huyo mtoto wa pili usimnyime chanjo

Mdogo wangu,

Meseji yako nimeisoma. Unasema mkubwa alichanjwa, kadi ipo, na bado mashavu yamevimba na dokta kasema ni matubwitubwi, kwa hiyo huyu wa pili humpeleki tena. Mtoto akishindwa hata kutafuna kwa maumivu lazima mzazi uchanganyikiwe, hapo sikulaumu hata kidogo. Ila kwa huyo wa pili naomba unisikilize.

Hii chanjo ya matubwitubwi (MMR, sindano moja ya surua, matubwitubwi na rubela) haikingi matubwitubwi asilimia mia. Dozi moja inapunguza hatari ya kuumwa kwa kama asilimia 72, mbili zinafika kama 86, na kinga yenyewe inapungua miaka ikienda. Surua, ambayo imo kwenye sindano hiyohiyo, inakingwa vizuri zaidi, matubwitubwi ndo upande dhaifu, ukweli usemwe. Ndo maana Marekani mwaka 2006 waliugua zaidi ya watu 6,000, wengi vijana wa vyuo, na wengi wao walikuwa wameshapata dozi zote mbili.

Najua utasema umeona mwenyewe, wanaoumwa darasani karibu wote wamechanjwa. Haya piga hesabu na mimi. Tuseme kuna watoto 1,000, 900 wana dozi mbili na 100 hawana kitu, ugonjwa umeingia ukawapata nusu ya wasiochanjwa, hao 50. Kwa waliochanjwa hatari imeshuka kwa asilimia 86, kwa hiyo wanaumwa 7 kwenye kila 100, jumla 63. Umeona? Waliochanjwa wanaoumwa ni wengi kuliko wasiochanjwa, na mtu akihesabu wagonjwa tu atasema chanjo haina kazi, wakati bila chanjo kwenye hao 900 wangeumwa 450! Watu wengi sana wanapotelea hapo, hata waliosoma.

Na hata anayeumwa akiwa amechanjwa, mara nyingi haumwi kama yule ambaye hana kabisa. Wanaume waliobalehe bila chanjo, hadi 3 kati ya 10 wakiupata huu ugonjwa korodani zinavimba. Kuna wanaopata homa ya uti wa mgongo, na wachache wanapoteza usikivu moja kwa moja. Wewe una wavulana wawili, lifikirie hilo.

Sasa huyo mgonjwa: asiende shule mpaka ziishe siku 5 tangu uvimbe uanze, mpe parasitamo kwa kipimo cha umri wake, aspirini usimpe kabisa, maji mengi, vitu vichachu acha kwanza maana vinazidisha maumivu ya mashavu. Antibayotiki haisaidii, hiki ni kirusi. Kichwa kikimuuma sana na shingo ikakakamaa, au akilalamika korodani, au kusikia kukapungua, nenda hospitali hapohapo usisubiri asubuhi.

Halafu hiyo kadi iangalie tena vizuri. Nchi nyingi sindano ya kawaida ni ya surua na rubela tu, matubwitubwi haimo, na mzazi anaamini mtoto kamaliza kila kitu. Inawezekana mkubwa hakuwahi kuchanjwa dhidi ya huu ugonjwa, au alipata dozi moja tu. Nitumie picha za kadi zote mbili leo, tuone kipi kimeandikwa na huyo wa pili anadaiwa nini, halafu tumuulize nesi wa kliniki.