Mita Haili Pesa: Kwa Nini Tunauliza Deni Kabla ya Kugusa Waya

Kila msimu wa baridi hapa Uingereza sisi mafundi umeme tunapokea lalamiko lile lile: mteja ametulipa ada ya ukaguzi, tumemwambia kwamba waya wa nyumba yake ni mzima, kisha siku chache baadaye salio la mita yake ya kulipia kabla limekwisha tena, naye anaona tumemla pesa bure. Juzi mteja mmoja ametuita matapeli.

Mita nyingi za aina hiyo hufungwa kwa sababu ya deni, na muuzaji wa nishati hulirejesha deni hilo kidogo kidogo kutoka kwenye pesa unazojaza. Juu yake kuna ada ya kila siku, ambayo huhesabiwa hata usipowasha chochote. Familia moja tuliyoihudumia iliacha kujaza mita ya gesi majira yote ya joto ikidhani inabana matumizi; baridi ilipoingia, pesa za kwanza zilimezwa na ada iliyolimbikizwa, na boila, yaani mashine ya gesi ya kupasha nyumba joto, haikuwaka.

Ukaguzi wetu si wa kutazama tu. Tunazima swichi kuu na kuangalia kama mita bado inahesabu, kisha tunawasha njia moja ya umeme baada ya nyingine tukipima mkondo wa kila moja. Kwa utaratibu huo tuliwahi kukuta hita ya tangi la maji ambayo kidhibiti joto chake kilikuwa kimekufa, ikichemsha maji usiku na mchana kwa mzee aliyedhani mita yake ni mbovu. Kazi hiyo huchukua muda, na muda huo ndio mnaoulipia.

Wanaokwepa gharama hiyo humwita mtu wa kuunganisha umeme kinyemela. Tumefungua kisanduku cha mita tukakuta lakiri (muhuri unaozuia mita kuchezewa) imekatwa, waya mwembamba umepita pembeni ya mita, na plastiki imeanza kuyeyuka. Huo ni wizi kisheria na ni moto unaosubiri kuwaka. Zaidi ya hayo, muuzaji anaweza kudai umeme uliokadiriwa kutumika pamoja na gharama za kurekebisha, na deni likawa kubwa kuliko lile lililokimbiwa. Sisi hatugusi lakiri, hata tukibembelezwa.

Njia halali ya kujikinga ipo, nayo haihitaji fundi. Tangu Novemba 2023, kanuni za lazima za Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, zinamkataza muuzaji kulazimisha mita ya kulipia kabla katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 2, nyumba ambayo wakazi wake wote wana miaka 75 au zaidi na hawana msaada, au kwa mgonjwa anayetegemea kifaa cha umeme. Kwa wengine, anapaswa kwanza kujaribu kuwasiliana na mteja angalau mara 10 na kufika nyumbani kukagua hali, na akifunga mita aweke salio la pauni 30. Tatizo ni kwamba wateja wetu wengi huziacha barua bila kuzifungua, na muuzaji hawezi kujua kuna mtoto mchanga ndani asipoambiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutuita, pigeni picha ya skrini ya mita inayoonyesha deni na kiwango kinachokatwa, mtutumie. Tukiona makato ndiyo yanayomaliza salio, tutawaambia bila malipo mmpigie muuzaji na kuomba kiwango kinacholingana na kipato chenu.