Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Maabara kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu katika wiki hii ya Novemba, ambayo dunia nzima inaitumia kuzungumzia usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, yaani UVIDA.

Mheshimiwa, mbele yako tumebandika picha mbili za sahani za kuoteshea bakteria. Katika ya kwanza, kila kidonge cha karatasi chenye dawa kimezungukwa na duara safi: dawa imewazuia bakteria kuota. Katika ya pili, bakteria wameota hadi wamekigusa kidonge. Mgonjwa mwenye bakteria hao anaweza kumaliza dozi yote na homa isishuke. Mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na kwa kulinganisha idadi ya watu, Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Mkoa wetu una sababu ya kujivunia. Mradi wa HATUA, uliochunguza usugu huu Afrika Mashariki, uliwakutanisha watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda na wenzao wa Uingereza, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha St Andrews, na Mwanza ilikuwa mojawapo ya maeneo ya utafiti. Walipima mkojo wa wagonjwa, kisha wakaenda hadi majumbani na kwenye maduka ya dawa kuuliza watu wanatafutaje tiba na wananunuaje dawa. Kwetu sisi hilo ndilo lenye thamani kubwa zaidi, maana hadubini haimwoni mama anayenunua nusu dozi kwa kuwa fedha iliyobaki ni ya unga.

Ushirikiano wa namna hiyo unahitajika hata wodini. Utafiti wa NeoOBS ulifuatilia zaidi ya watoto wachanga 3,200 wenye dalili za maambukizi ya damu, katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya ikiwemo. Hakuna wodi moja ambayo ingefikisha idadi hiyo peke yake, wala nchi moja ambayo ingeona tofauti za usugu kutoka mahali hadi mahali.

Hata hivyo, Mheshimiwa, tuna hofu. Mwaka 2025 Uingereza ilitangaza kusitisha ufadhili wa Fleming Fund, mfuko wake wa kupambana na usugu huu, ambao tangu 2015 ulizisaidia maabara za nchi nyingi, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Tunashukuru kwa yaliyofanyika. Lakini mashine ya kutambua vimelea isipokuwa na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, haimsaidii mgonjwa yeyote, na fundi aliyefunzwa kwa miaka mingi mradi ukiisha huenda kutafuta kazi nyingine.

Kwa hiyo tunaomba utusemee mambo haya. Vitendanishi na vidonge vya kupimia usugu viwe na fungu lake katika bajeti za hospitali zetu, wafadhili wawepo au wasiwepo. Kila mkataba wa utafiti na wageni uweke sharti kwamba matokeo yarudi kwa daktari wa wodi na kwa muuzaji wa duka la dawa, kwa Kiswahili wanachokielewa. Na vijana wa hapa wafundishwe kusoma vinasaba vya bakteria hapa hapa nchini, badala ya kazi yao kuishia kufungasha sampuli za kupelekwa ng'ambo. Tuko tayari kuanza hata muhula ujao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.