Barua ya wazi kwa vijana wa PCB: "wani ya saba" haijibu swali la DDS

Wanangu,

Salamu kwenu mliomaliza kidato cha sita kwa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kwenu wenye stashahada ya udaktari wa meno mnaotaka kupanda hadi shahada. Nawaandikia nikiwa nimekasirika, na hasira yenyewe haiwahusu ninyi peke yenu.

Kila Julai, NECTA, Baraza la Mitihani, ikishatoa matokeo, makundi ya WhatsApp hujaa swali moja kuhusu DDS, shahada ya udaktari wa meno: "Nina divisheni wani ya saba, DDS Muhimbili napata?" Dakika tano hazipiti, majibu yanamiminika. "Unapata mapema sana, dogo." "Anza kupanga begi." Hakuna hata mmoja aliyeuliza Fizikia umepata nini. Hakuna anayejua mwaka huu nafasi ni ngapi. Mtoto anaamini, anaomba chuo kimoja, anatulia. Majina yanatoka, lake halimo. Hapo ndipo vishoka wanapomtafuta, wanamwambia atume pesa jina lake "liongezwe". Mama anauza mbuzi, pesa inaliwa, na mwaka umekwenda.

Sasa nisikilizeni. "Wani ya saba", yaani divisheni ya kwanza ya pointi saba, haitoshi kujibu swali hilo. NECTA huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4 na E 5, kwa hiyo aliyefanya vizuri zaidi ana pointi chache zaidi. Udahili wa chuo kikuu huhesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kama masomo yako yote matatu yako kati ya A na E, chukua 18 utoe pointi zako za divisheni, utapata alama zako za udahili. Wani ya saba ni alama 11. Wani ya tisa ni 9.

Wachukueni vijana wawili. Mmoja ana B ya Kemia, B ya Baiolojia na C ya Fizikia. Mwenzake ana A ya Kemia, A ya Baiolojia na E ya Fizikia. Wote wana wani ya saba, wote wana alama 11, na mitaani wote wanapongezwa sawasawa. Lakini mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa shahada ya udaktari wa meno umekuwa ukitaka angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu, jumla isiyopungua alama 6, na chuo kina haki ya kupandisha kigezo juu ya hapo. Yule mwenye A mbili amefungiwa nje na Fizikia. Mfumo hautamhurumia kwa zile A zake. Mwenye D tatu, divisheni ya pili ya pointi 12, ambaye hakuna aliyempongeza, anaruhusiwa kuomba wakati huyu haruhusiwi. Kwenye mtihani wa kidato cha sita D inaanza na maksi 50, E inaishia 49. Maksi moja ya Fizikia, pengine ya jedwali lililosomwa vibaya kwenye karatasi ya vitendo, ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo msiulize kwa divisheni. Andikeni gredi za masomo matatu, kila moja na jina la somo lake, halafu mfungue mwongozo wa mwaka huu, si picha ya ukurasa wa mwaka juzi iliyosambazwa na rafiki. Msome mstari wa chuo mnachokitaka neno kwa neno. Na ninyi mliomaliza mwaka 2014 au 2015, miaka ile gredi zilikuwa tofauti: kulikuwa na B+ yenye alama 4, B ikawa 3, na C ikawa 2. Msijipimie kwa hesabu ya wadogo zenu.

Kosa la pili ndilo linaloniumiza zaidi, maana wanalifanya hata wenye akili. Mtu anaona anazo sifa za chini, anadhani amepata. Sifa za chini ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni, basi. Dirisha likifungwa, chuo kinawapanga wote wenye sifa kwa ufaulu wao na kushuka nao kutoka juu mpaka nafasi ziishe. Aliyeingia wa mwisho ndiye anayeonyesha alama ya kukatia ya mwaka huo, na alama hiyo haiandikwi kwenye mwongozo kwa sababu siku mwongozo unachapwa hakuna anayeijua. Mwenye D tatu niliyemtaja anaruhusiwa kuomba, lakini akipigwa foleni na wenye B tatu mia kadhaa, asitegemee chochote.

Mtaikadiriaje basi? Kwenye mwongozo kuna safu ya idadi ya nafasi. Linganisheni DDS na MD, udaktari wa binadamu, ya chuo hichohicho, mtaona nafasi za meno zilivyo chache. Kisha watafuteni walioko mwaka wa kwanza wa DDS chuoni hapo, si mmoja, wengi, muwaulize gredi walizoingia nazo na awamu waliyochaguliwa. Msimuulize aliyeongoza darasa, mtafuteni aliyeingia kwa shida, huyo ndiye mwenye habari mnayoihitaji. Halafu tazameni ufaulu wa mwaka wenu. Kama Kemia na Baiolojia zimepanda nchi nzima, B zako zilezile zilizomwingiza kaka yako zinaweza zisikuingize wewe, kwa kuwa walio mbele yako wameongezeka.

Kumbukeni pia kwamba mnashindana na watu ambao hata hawaitaki DDS. Wengi wanaoomba MD huweka meno kama chaguo la pili. MD ikijaa, wanateremka na alama zao kubwa na kukaa juu yenu. Lakini baadhi yao wanachaguliwa na vyuo viwili au vitatu, wanathibitisha kwingine, na nafasi zinabaki wazi. Ndiyo maana aliyekosa awamu ya kwanza na alama zake ziko jirani na za waliochaguliwa asikate tamaa, aombe tena awamu ya pili ikifunguliwa. Aliye mbali kwa alama tatu au nne, ninamwambia kwa upendo, asipoteze awamu ya pili kwa kurudia ombi lilelile.

Kipimo changu ni hiki. Alama zako zikizidi za wale walioponea chupuchupu mwaka jana kwa mbili au zaidi, weka DDS kwanza kwa amani. Zikilingana nazo, weka DDS, na chini yake weka kozi unayoweza kuisoma miaka yote bila kinyongo. Zikiwa chini, DDS isiwe ombi lako pekee.

Wenye stashahada, kwenu mtego uko kwingine. Wastani wa B au GPA ya 3.0 mnaujua. Msichoambiwa ni kwamba vyeti vya kidato cha nne vinarudi mezani: D ya Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Mlipoingia chuo cha kati, Hisabati na Kiingereza zilihesabiwa kuwa sifa ya ziada tu. Kwenye shahada ni lazima. Mtu anahudumia wagonjwa miaka mitano, ana GPA nzuri, anaomba, anakataliwa kwa F ya Hisabati ya utotoni. Kama ndiwe, jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea uipate hiyo D sasa, usisubiri ruhusa ya masomo. Na namba ya uhakiki wa stashahada kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ile AVN, iombe mapema, kwani bila hiyo ombi lako halitembei.

Mengine nayataja kwa haraka. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita yafanane. Anayetaka kurudia somo aulize chuo kwa maandishi kama kinapokea vyeti vya vikao viwili kabla hajalipia mtihani. Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, una maombi yake na tarehe zake, haufuati udahili wenyewe. Anayetaka kusoma nje athibitishe TCU na Baraza la Madaktari kama chuo kinatambuliwa, kabla ya kumpa wakala hata shilingi. Na hesabu za KUCCPS, udahili wa ndugu zetu wa Kenya, ni za KCSE, mtihani wao wa sekondari, msiziazime.

Usimwachie mwenye steshenari aweke namba yake ya simu na barua pepe yake kwenye fomu yako. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwa simu iliyoandikwa kwenye ombi. Ikiwa simu ni ya mtu mwingine, amefunga duka na kwenda kwao, nafasi uliyoipata kihalali inaondoka ukiitazama.

Kabla hamjajaza, jipimeni pia mikono na moyo. DDS ni miaka mitano, kisha mwaka wa utarajali. Mwanzoni ni anatomia, fiziolojia na biokemia, kisha unachonga nta mpaka itoke na umbo la jino, unatoboa na kuziba meno kwenye kichwa cha bandia, na unajifunza kufanya kazi ukitazama kioo kidogo mdomoni, ambamo ukitaka kwenda mbele mkono unaona nyuma. Anayeingia huku akinuna kwa sababu MD imemkataa hukaa mwaka mzima akitafuta njia ya kuhama, na kiti alichokalia angekaa aliyekitaka. Wazazi, nanyi mnachangia. Mtoto anasema meno, mnamuuliza lini atakuwa daktari kamili. Wilayani watu wanafika jino likiwa limeoza mpaka kwenye neva, na kinachobaki ni kung'oa. Arusha na Kilimanjaro watoto wanakua na meno ya kahawia kwa floraidi ya maji. Hao wanamhitaji nani?

Na walimu wakuu: shule haina mwalimu wa Fizikia, watoto wanasukumwa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, wakiambiwa "ni sayansi ileile." Sivyo. CBG haina Fizikia, na bila Fizikia mlango wa udaktari wa meno kupitia kidato cha sita umefungwa, hata mtoto apate A tatu. Mwambieni kabla hajaanza kidato cha tano.

Ninyi wadogo mliomaliza kidato cha nne na mnaitaka kazi hii, TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadili tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, kwenye mfumo wa mtandaoni wa Selform baada ya matokeo yenu. Ingieni mkaangalie kilichoandikwa kwenye jina lako. Kama ni CBG na Fizikia umefaulu vizuri, badilisha wiki hiyohiyo, kabla mfumo haujafungwa.

Mzee wenu.